Viatu na Joto la Taifa

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia umma kwamba tatizo la ongezeko la watu limekwisha. Joto bado lipo, lakini limeshapewa notisi. Wenye mashaka ni wale tu wenye tabia ya kutoka nje mchana, na hao tunawashauri waiache.

Mwasisi wa mpango huu ni mimi. Silisemi hili kwa majivuno. Majivuno ni kazi ya Kitengo cha Habari, nami niliwapa maelezo yote mapema, pamoja na picha yangu nikitazama mbali.

Nilikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Uwiano wa Watu na Joto. Idara ilianzishwa baada ya Waziri wetu kurudi kutoka mkutano wa kimataifa wa tabianchi akiwa na begi la kitambaa na hoja moja. Hoja ilikuwa hii: dunia inapata joto kwa sababu watu wamezidi, na kila mtu ana joto lake. "Mnabisha?" alituuliza. "Haya, shikaneni mapaji ya uso." Tukashikana, makatibu kwa wakuu. Ni kweli, joto lilikuwepo. Hakuna aliyebisha tena, na jioni ile ile tukapewa ofisi, magari na muhuri.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Huwezi kupunguza watu usiowajua idadi, na watu wetu, Mungu awape subira, hawahesabiki. Karani anagonga mlango, anauliza mko wangapi humu. Anaambiwa karibu kwanza, ukae, upumzike. Analetewa chai. Anaulizwa kwao wazima, na kama ameoa, na kama hajaoa anasubiri nini. Karani mmoja tulimtuma asubuhi akarudi na idadi ya nyumba moja na mchumba. Mwingine alifukuzwa na bibi aliyemwambia watoto si kuku wa kuhesabiwa mlangoni. Mama mmoja alikubali kuhesabu, lakini aliwataja waliopo, waliohamia nchi za watu, na mmoja ambaye bado alikuwa anamwomba Mungu.

Siku moja nikaenda bondeni kumsalimia dada yangu mkubwa. Tangu mama yetu atangulie, ndiye aliyenilea. Ni fundi cherehani. Alinishonea sare zote za shule kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja, ndiyo maana nilisoma darasa la nne zima nikiwa na mfuko wa maua. Nilipofika mlangoni nikainama kuvua viatu, na hapo hapo, mgongo ukiwa bado umepinda, maono yakanijia. Mbele yangu kulikuwa na viatu vya kila aliyekuwemo ndani, vimetulia. Kiatu hakikukaribishi chai. Kiatu hakikuulizi utaoa lini. Na hakuna mtu mwenye adabu zake anayeingia navyo ndani.

Ndivyo ulivyozaliwa Mwongozo wa Taifa wa Hesabu ya Viatu. Jioni, watu wakisharudi makwao, karani anapita nje ya milango, anahesabu jozi, anaondoka. Haingii, hasemi, hanywi.

Wataalamu waliujadili kwa kina. Walisema mtoto mchanga je, hana viatu. Nikajibu kwamba asiyetembea hana anakokwenda, kwa hiyo hana joto la kitakwimu. Kijana mmoja mgeni kazini akanyanyua mkono, akauliza kuhusu kilimani, tunakokaa Waziri na mimi na wakuu wenzetu. Kule viatu hukaa kabatini, akasema, lakini kuna viyoyozi kila chumba, majenereta, na magari manne manne. Je, hivyo havina joto? Nilimjibu kwa upole wa kiongozi. Kiyoyozi, nikamwambia, hakina viatu. Kikao kikapiga makofi, na yule kijana tukampeleka masjala, ambako anafanya vizuri sana.

Hesabu ya kwanza ilithibitisha tuliyoyashuku. Kilimani watu ni wachache mno. Bondeni ni balaa. Ndala mpaka kwenye ngazi, viatu vya shule vimepandana, mabuti, raba, na kila kilichowahi kuitwa kiatu. Tukayapaka maeneo rangi kwenye ramani. Eneo lililoongezeka ni jekundu, na miradi yake inasubiri. Lililopungua ni kijani, na miradi inaanzia huko. Bondeni pakawa pekundu, na mtaro wao wa maji ya mvua ukasogezwa mbele.

Niseme kidogo kuhusu huo mtaro, maana ndio uliokuja kuharibu undugu. Kilimani tumesakafia nyua zote ili magari yasipate vumbi. Mvua ikinyesha, maji yanakosa pa kuzama, yanashuka bondeni. Zamani kulikuwa na mtaro wa kuyapokea, lakini ulifukiwa wakati wa kupanua barabara ya kupandia kilimani. Kwa hiyo sasa maji yanapokelewa na wananchi wenyewe, vyumbani.

Siku ya tatu baada ya ramani kubandikwa, dada akaja ofisini. Katibu muhtasi alimwuliza kama ana miadi. Akasema miadi yake na mimi ilianza nikiwa na nepi. Akapita.

"Mtaro wetu uko wapi?"

"Dada, shikamoo. Karibu ukae."

"Marahaba. Nimeshakaa sana, kwenye maji. Mtaro uko wapi?"

Nikamwonyesha ramani. "Tatizo ni kwamba mko wekundu."

"Wekundu wa nini? Aibu?"

"Mmeongezeka, dada. Mnazaliana."

"Heee! Na wewe ulizaliwa wapi, baba? Si kwenye kile kile chumba ninachoshonea? Kwani ulishushwa kwa kamba?"

"Hilo lilitokea kabla ya mwongozo."

Akavuta kiti, akakaa mwenyewe. Sauti ikashuka, na dada yangu sauti yake ikishuka, mimi huwa naogopa kuliko akipiga kelele. "Sikiliza. Mwanangu ana mimba ya miezi saba. Mwaka jana maji yalizamisha kitanda. Tulipandisha cherehani juu ya meza na watoto juu ya cherehani. Mwaka huu mtu mwenye tumbo lile nitampandisha wapi? Niambie, nitampandisha wapi?"

Nilitamani kumjibu kama mdogo wake. Lakini kiti nilichokalia kilikuwa cha serikali. "Kwa mujibu wa mwongozo," nikasema, "tumbo halijaanza kuvaa viatu, kwa hiyo bado si sehemu ya tathmini."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa nimemaliza sukari. Kisha akauliza polepole, "Hebu nieleweshe. Mnachotaka kipungue ni watu au ni viatu?"

"Watu. Lakini kipimo ni viatu."

"Viatu vikipungua, mtaro unakuja?"

"Moja kwa moja. Mtakuwa kijani."

"Mh! Na ulishindwa nini kusema tangu mwanzo?" Akanyanyuka, akatengeneza nguo yake, akaenda zake.

Hesabu ya pili ikafika. Karani wa bondeni alipita mtaa mzima, mlango kwa mlango, hakuona hata ndala moja. Alisikia redio. Alisikia mtu akimgombeza mtu kwa kuunguza maharage. Alisikia watoto wakicheka mpaka wengine wakakohoa. Lakini karani huyo ni mtu makini, aliyefundishwa na sisi wenyewe, naye akaandika alichokiona: makelele ni mengi, watu hakuna. Hata kibanda cha fundi viatu kilikuwa kimefungwa na viatu vya wateja vimeingizwa ndani, chini ya kitanda chake.

Bondeni palikuwa na watu sifuri.

Sijui nielezeje furaha ya siku zile. Nchi nyingine zinahangaika na kliniki, shule za wasichana, sijui semina za vijana, miaka nenda miaka rudi, zinapunguza kidogo kidogo. Sisi tulimaliza mtaa mzima kwa muda wa kushona suti. Waziri akaitisha mkutano kwenye ukumbi mkubwa, ambao viyoyozi vyake vilifanya kazi nzuri mpaka wajumbe wakaomba makoti. "Sifuri!" akatangaza. Watu wakasimama kupiga makofi, wengine kwa ajili ya baridi. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo akauliza wale watu wamekwenda wapi. Waziri akamwambia hawajakwenda popote, wamepungua. Yule mgeni akaandika. Mimi nikakabidhiwa tuzo ya kioo yenye umbo la jani, nikaiweka juu ya meza yangu, mahali ambapo mtu akiingia haiwezi kumpita.

Ndipo ikaja Kamati ya Mitaro. Hapa lazima nimtaje afisa takwimu wetu, mwanamke anayejulikana idara nzima kama Bi Takwimu, ambaye sijawahi kumwona akicheka saa za kazi, na nje ya saa za kazi sijawahi kumwona.

"Mkurugenzi," akasema, "bondeni wamekuwa kijani. Wanastahili mtaro."

"Wapeni."

"Tumpe nani?"

Wajumbe wakafungua mafaili.

"Mtaro una walengwa," akaendelea. "Bondeni hakuna mtu. Mkaguzi akija akauliza tumemchimbia nani, tutamjibu nini? Panya?"

Nilimfikiria dada. Nilimfikiria na mpwa wangu na lile tumbo. Niliumia, na asije mtu akasema sikuumia. Lakini jani la kioo lilikuwa linang'aa pale mezani, na kusema bondeni kuna watu ilikuwa ni kusema jani ni la uongo. Nikaidhinisha. Mtaro ukapelekwa nyuma ya ukumbi wa mikutano, kwa walengwa waliothibitishwa.

Siku hiyo hiyo tulipitisha na kanuni ya msongamano. Nyumba yoyote itakayozidi ukomo wa viatu, mkuu wa kaya atahamishiwa kwenye eneo lenye nafasi. Nilisisitiza anayehama awe mkuu wa kaya peke yake, kwa sababu yeye ndiye chanzo cha ongezeko, na hao wengine ni matokeo tu. Niliwalenga wenye nyumba wanaojaza wapangaji kama magunia. Eneo lenye nafasi kwenye orodha yetu lilikuwa moja, bondeni.

Dada akarudi ofisini. Safari hii alikuja na fundi viatu, mzee wa maneno machache na gundi nyingi vidoleni.

"Tumekuwa kijani," dada akasema, akitabasamu. Nilikuwa sijaliona tabasamu hilo muda mrefu. "Wachimbaji wanaanza lini?"

"Dada, mmezidisha."

"Tumezidisha nini tena?"

"Kupungua. Mlitakiwa mpungue, nyinyi mmeisha. Kitaalamu hampo."

Akamgeukia fundi viatu. "Umesikia? Eti hatupo."

Fundi akalitafakari hilo. "Na ushuru wa kibanda changu unaodaiwa kila wiki," akauliza, "mnamdai nani?"

"Hiyo ni idara nyingine."

"Ahaa," akasema fundi, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa.

Dada hakutabasamu tena. "Mwanangu anajifungua mwezi huu," akasema. "Mawingu unayaona. Mimi sikuombi kama mkurugenzi. Nakuomba kama mtoto niliyemfuta makamasi."

Nikamwambia wasubiri hesabu ijayo. Nikamwambia serikali ni chombo kikubwa, hakipindi kona ghafla. Nikamwambia mengine ambayo hata mimi sikuyasikiliza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasimama. "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe," akasema. "Mvua ikija, tutaonana." Mimi nikadhani ananiaga.

Mvua ikaja siku ya hesabu ya tatu, baada ya adhuhuri. Haikuwa manyunyu. Ilishuka kama iliyokuwa imekopwa zamani na sasa imekuja kudai. Nilikuwa nyumbani kilimani, dirishani, nikitazama uwanja wangu uliosakafiwa vizuri ukiyapeleka maji yote bondeni bila kupoteza hata tone.

Halafu nikaona kitu kinapanda barabara. Kwanza nilifikiri ni maandamano, nikanyanyua simu. Kisha nikamtambua aliye mbele. Alikuwa dada yangu, cherehani kichwani. Nyuma yake fundi viatu akisukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni, chini ya turubai, mpwa wangu ameshika tumbo kwa mikono miwili na kuimba kwa maumivu. Nyuma yao, bonde zima. Wenye magodoro, wenye masufuria, wenye wazee mgongoni. Mlinzi wangu akafungua geti kabla sijasema lolote. Baadaye nilikuja kujua mkewe alikuwa mstari wa tatu.

Mke wangu akatoka barazani. "Jamani, poleni! Karibuni, ingieni, ingieni!"

"Wote hawa?" nikamnong'oneza.

"Unataka nichague? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ondoka mlangoni, unaziba njia."

Wakaingia. Mpwa wangu akapelekwa chumbani kwetu, kwenye kitanda changu, na mkunga wa mtaa akafunga mlango. Wengine wakajipanga sebuleni, koridoni, jikoni, ofisini kwangu, juu ya ngazi. Na kwa kuwa ni watu wa adabu, waliolelewa wakaleleka, kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, alivua viatu nje.

Baraza ikajaa. Ngazi zikajaa. Viatu vikashuka kwenye maua, vikafuata njia ya gari, vikakaribia geti. Nilivitazama. Nikatazama saa. Karani alikuwa anakaribia kupita.

Nikakunja mikono ya shati, nikaanza kuvibeba ndani. Nilibeba ndala, nilibeba mabuti yaliyojaa maji, nilibeba viatu vya shule kwa kamba zake mdomoni. Mke wangu akanikuta kwenye zulia.

"We baba, una wazimu? Matope yote haya kwenye zulia langu?"

"Nitalifua mwenyewe."

"Wewe? Tangu lini?" Akavitupa nje.

Nikabadili mbinu, nikavificha chini ya viti. Watoto wa bondeni walikuwa wananitazama kwa huruma. Wakaona mjomba wao amechanganyikiwa, wakaanza kunisaidia. Kila nikiingiza viwili, wao wanatoa vinne. "Mjomba, umesahau hivi huku ndani," akaniambia kitoto kimoja cha kike, kikivipanga vizuri barazani, kushoto na kulia. "Mama amesema si adabu."

Karani alishindwa kuvuka maji. Akaja Bi Takwimu mwenyewe, na mwavuli na kalamu. Akanikuta nimekumbatia gumbuti la fundi viatu.

"Habari za jioni, Mkurugenzi."

"Hawa ni wageni," nikasema.

"Mwongozo hautaji wageni."

"Basi utaje!"

"Ulikataa mwenyewe. Ulisema tukiwatoa wageni, bondeni kila mtu atakuwa mgeni kwa mwenzake."

"Bi Takwimu, angalia mvua hii. Ahirisha hesabu, hata mpaka kesho."

"Kifungu cha nne," akasema, bila kuitazama karatasi. "Hesabu haiahirishwi kwa mvua, kwa jua wala kwa msiba. Ulisema watu wa bondeni watasingizia mafuriko." Akaanza kuhesabu kwa kunyooshea kalamu, jozi kwa jozi, midomo ikicheza.

Akiwa ngazi ya juu, kilio kikasikika kutoka chumbani kwangu. Kilio kidogo, kikali, cha mtu aliyeudhiwa na kila kitu. Kisha vigelegele vikapasuka, sebuleni mpaka jikoni, na dada yangu akatoka analia na kucheka, akanishika mabega kwa nguvu. "Wa kike! Wa kike, mzima, mama yake mzima! Umekuwa babu, mjinga wewe!" Nami nikalia. Sioni haya. Nilimkumbatia dada yangu, gumbuti likiwa katikati yetu, na kwa muda huo mfupi nilisahau mwongozo wote na viambatanisho vyake.

Bi Takwimu alikuwa amesimamisha kalamu. Akasikiliza. Akatazama mlango wa chumba. "Huyo hana viatu," akasema, akaendelea na kazi.

Matokeo yalitangazwa kwa utaratibu. Nyumba yangu ilikuwa na msongamano mkubwa kuliko nyumba yoyote iliyowahi kuhesabiwa, na kwa mujibu wa kanuni zetu za joto, mimi peke yangu nilikuwa ninachemsha kilimani kote. Waziri akanipigia simu. "Bwana Mkurugenzi, watu wote hawa umewazaa lini?" Nikaanza kueleza, lakini akasema ana mgeni. Kamati ilikaa muda mfupi kuliko kamati yoyote niliyoiunda. Walilisoma lile jambo la chanzo na matokeo, wakalisifu kwa ufasaha wake, wakalitekeleza.

Chanzo nilikuwa mimi. Mke wangu alihesabiwa upande wa matokeo. Dada yangu, mpwa, mtoto, fundi viatu na bonde zima nao ni matokeo, na matokeo hayahami mpaka mwongozo mwingine utakapotoka. Wakabaki kilimani. Mke wangu alinifungia begi, akaniongezea ndoo. "Nenda tu, mume wangu," akaniambia. "Ukianza kuwakatalia kanuni ulizozitunga, atakuheshimu nani?" Dada alinisindikiza mpaka getini. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinipa ufunguo wa kwake, akaniambia kitasa ni kigumu, nikisukume kwa goti.

Bi Takwimu sasa ndiye Kaimu Mkurugenzi. Alipewa pia nyumba yangu, akaikataa kwa maandishi, kwamba imejaa.

Kwa hiyo taarifa hii naiandika kutoka bondeni, kwenye chumba cha kushonea. Siandiki kulalamika. Mtu anayelalamikia mfumo kwa sababu umemfikia hakuuelewa. Mtaa umetulia, labda umetulia kupita kiasi. Kuna alama ya maji ya mwaka jana ukutani, nikisimama inanifika kifuani. Nimeitazama kwa siku kadhaa na nimeanza kuona kwamba dada alikuwa na hoja, ingawa aliiwasilisha bila takwimu.

Jioni ya jana niliacha viatu vyangu nje ya mlango, makusudi, karani akipita avihesabu, ili mtaro upate mlengwa. Leo asubuhi mawingu yamerudi, na matone ya kwanza yalipogonga bati nikapiga simu idarani.

"Bi Takwimu, ni mimi. Ni kuhusu ule mtaro wa bondeni."

"Nakusikiliza, Mkurugenzi."

"Kikwazo kimeondoka. Sasa kuna mtu. Nipo mimi, na viatu vyangu vimehesabiwa."

"Ni kweli, ninavyo hapa. Jozi moja, vyeusi, vya kamba."

"Basi leteni wachimbaji. Leo, kama inawezekana. Maji yameanza kushuka, nayaona kutoka hapa nilipo."

"Kuna tatizo dogo," akasema. "Bondeni palikuwa na watu sifuri, sasa pana mmoja. Nimeiomba kompyuta ikokotoe asilimia ya ongezeko, imegoma. Tumejaribu na ile nyingine, nayo imegoma. Hakuna mahali palipowahi kuongezeka kwa kasi hiyo. Bondeni ni eneo jekundu kuliko yote nchini. Mradi hauwezi kuanza mpaka idadi ipungue."

"Ipungue vipi, Bi Takwimu? Niko peke yangu!"

"Wataalamu wanashauri kuanza na hatua ndogo ndogo."

Maji yalikuwa yameingia. Nikapanda juu ya meza ya kushonea, simu sikioni. "Sikiliza," nikamwambia. "Achana na mtaro. Nihamisheni. Kanuni ipo, naijua, niliiandika. Mkuu wa kaya wa mahali palipozidi ahamishiwe kwenye eneo lenye nafasi."

Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. Alikuwa anatafuta kwa bidii, hilo siwezi kumnyima.

"Hakuna, Mkurugenzi," akasema mwishowe. "Bondeni ndilo lililokuwa limebaki peke yake, na limeshajaa."

"Limejaa? Limejazwa na nani?"

"Na wewe."